Wimbo wa Kirusi Siku ya Uhuru

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla kwaya haijanifia mkononi, mimi ni Mhaya wa Muleba, ambako mama yangu bado yuko, na hapa Durban natengeneza malori mtaa wa Clairwood, lakini ujanani nilisoma Urusi, na huko niliona profesa na mfagiaji wamekaa meza moja wakiimba wimbo uleule wa nchi yao mpaka machozi, wimbo wa mti tu, mti wenye gome jeupe, nami nadhani ndiyo maana dunia nzima inawasikiliza, kwa hiyo nilipopewa kwaya ya watoto ya chama chetu cha Watanzania niliwafundisha wimbo huo wa mti, kwa Kirusi, waimbe sherehe ya Uhuru, ili wajue kuipenda nchi kukoje, na wameuweza kweli, ila mwenyekiti wetu Nasibu alipousikia akasimamisha mazoezi, "Eish, Deus, tarehe tisa Desemba unatuletea Urusi? Badilisha wimbo au acha kwaya," nami nilikuwa tayari kuacha, lakini tukiwa njiani binti yangu Sia, ambaye ndiye anayeanzisha wimbo, akaniuliza, "Baba, huo ni mti wao. Wa kwetu ni upi?" nikamfokea, na tangu hapo haimbi hata nyumbani. Niache kwaya, au nimtii Nasibu?

Deusdedit, Sydenham, Durban

Deusdedit, pole, ingawa umejitakia. Kupenda utamaduni wa Warusi si usaliti, na Nasibu hawi mzalendo kwa kununia lugha ya watu. Lakini wewe ulibeba wimbo ukaliacha somo hukohuko. Wale waliimba mti wa kwao, ndiyo maana ukakugusa hata wewe uliyekulia migombani. Sia amelielewa hilo kabla yako, ukamlipa kelele.

Kwaya usiache. Mwombe Sia radhi kwa maneno, si kwa kumnunulia chipsi. Sherehe ifunguliwe na wimbo ambao akina mama wa kwenu huimba wakipalilia maharage chini ya migomba, na usiniambie umeusahau, maana kuna mtu hajausahau. Wa Kirusi uje baada ya chakula, uwaeleze watu kwanza unasema nini, na Nasibu mpe kiti cha mbele.

Warusi huiita nchi yao mama. Wako yuko hai, na ana simu. Mpigie leo, Sia akiwa pembeni, umwombe aimbe.