Homa Niliyoiita Moto

Kijiji cha Nakham,
Laos.
Tarehe 14 Januari, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Bualai,

Hujambo, mdogo wangu? Goti lako na baridi hii likoje? Sisi tunapumua tu. Anayeandika ni jirani yetu, Mwalimu Viengkeo. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kunirekebisha.

Yule kuku mwekundu uliyeniachia ametotoa saba. Naanza na kuku kwa sababu hiyo habari nyingine hainitoki. Bualai, mwanangu Latsamy hatunaye. Jumanne iliyopita tumemsindikiza hekaluni.

Alijifungua salama, mtoto wa kike, mnene. Nikamlaza kwenye kitanda cha mianzi juu ya makaa, joto limkaushe tumbo la uzazi, kama mama alivyotulaza mimi na wewe tulipojifungua. Maji ya moto, wali na chumvi, basi. Siku ya tano mwili ukawa unawaka. Nikasema moto unafanya kazi yake. Akakohoa, nikasema ni moshi. Akaniambia, "Mama, mbavu zinanichoma." Nikamjibu, "Acha kudeka. Mimi nililala siku ishirini na kuni mbichi." Nikaongeza kuni, Bualai. Kwa mkono huu huu.

Siku ya nane midomo ikabadilika rangi, tukamkimbiza hospitali ya wilaya. Daktari wa dharura, binti mdogo tu, hakumtoa hata pale kitandani. Akachukua altrasaundi, kama ile waliyomwangalizia mtoto tumboni, akaipitisha mbavuni. Latsamy, pumzi hana, lakini unaujua mdomo wake, akasema, "Daktari, mtoto keshatoka. Unamtafuta nani tena?"

Yule binti akasema, "Natafuta hewa, dada yangu."

Akanionyesha kwenye kioo. Kusoma sijui, ila nguruwe nimepasua wengi, pafu nalijua na ini nalijua. Pafu la upande mmoja lote lilikuwa kama ini. Akasema ni nimonia, tena imekaa siku nyingi. "Homa ilianza lini, mama?" Juu ya moto kila mzazi ana homa, nani anahesabu? Wakamwekea hewa ya mtungi na dawa za mshipani. Siku ya pili mchana akaniachia mkono.

Mtoto anakunywa maziwa ya kopo. Jina bado. Kila nikitaka kumpa nalia.

Sasa, uliniomba nije mwezi wa pili nimlaze binti yako Phetsakhone kwenye moto akishajifungua, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua. Nitakuja. Nitapika, nitafua nepi, nitabeba mtoto. Kuni sitagusa.

Nisalimie shemeji Khamsing, na bibi Thongdam kama bado anasikia. Phetsakhone msalimie sana, halafu mwambie hivi: akisikia joto mwilini au mbavu zikimchoma, asiniulize mimi. Aende wakampitishie hiyo mashine.

Nakufungia uzi mweupe wa baraka mkononi kutoka huku mbali, roho zenu zote zibaki nyumbani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,
Onsi