Waya Mweusi wa Baba

Barua pepe, Quartzsite, Arizona, 9 Januari

Mwanangu Corinne,

Hujambo, na wajukuu hawajambo? Mimi mzima, ila nimekasirika kweli. Nimefunga betri mpya kwenye gari-nyumba, mara cheche, paa! Taa zimekufa, pampu ya maji kimya, hita haiwaki, na usiku wa jangwani unajua ulivyo. Nakumbuka nilikuahidi: likinishinda mara moja tu, naliuza na kuhamia kwako. Bado halijanishinda!

Baba yako, Delmar

Columbus, Ohio, 9 Januari

Baba,

Jangwa linasemaje? Sisi wazima, watoto wana mafua tu. Ahadi ni deni, Baba. Mnunuzi nimeshampata, anakuja huko Jumamosi. Chumba chako nimeshakipaka rangi. Breka, zile swichi zinazojikata umeme ukizidi, umeziangalia lakini?

Mwanao, Corinne

Quartzsite, 10 Januari

Corinne wewe!

Salamu baadaye, kwanza nicheke! Breka hazikukata hata moja. Hizo zinalinda umeme ninaouvuta kwenye nguzo ya hapa kambini, ndiyo maana kahawa yangu ilichemka vizuri. Vifaa vya betri, kama taa na pampu, vinalindwa na fyuzi. Nikabadilisha fyuzi ndogo zote, wapi!

Jirani yangu Twyla, mjane wa Minnesota, akaniletea maharage. Akaitazama betri, akaangua kicheko. "We Delmar! Fundi magari mzima hujui kwenye hizi nyumba waya mweusi ndio chanya, mweupe ndio hasi?"

Maisha yangu yote kwenye magari mweusi ni hasi, nikaufunga hasi kwa madaha yote! Betri ikifungwa kinyume, kuna fyuzi mbili pembeni mwa chaja zinazojitoa mhanga ili nyumba isiungue. Zote zimekatika. Nikageuza nyaya, nikaweka fyuzi mpya za ukubwa uleule. Taa hizo! Pampu ikanguruma, nami nikacheza peke yangu jikoni.

Mwambie mnunuzi asije. Tafadhali, mwanangu. Chumba chako kizuri, lakini huku bado naishi.

Baba yako

Columbus, 12 Januari

Baba yangu,

Poleni na hongereni, wewe na Twyla. Nimecheka hadi nikalia. Tangu Mama afariki nalala na simu mkononi, nikingoja kuambiwa umekwama peke yako. Kumbe una watu! Mnunuzi nimemwambia haliuzwi. Machi shule zikifungwa tunakuja sote wanne, nami nataka unifundishe kubadilisha fyuzi.

Mwanao