Mbwa wa Kiingereza Ukutani kwa Bwana Mifugo

North York, Toronto

Mke wangu Mama Salma,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute umeketi na chai iko karibu, maana si ya kusomwa wima. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mpwa wa Bwana Abbas akuletee, uliipata? Na mama mkwe, presha yake imetulia? Mbuzi nao wazima? Habari ya mbuzi nitaifikia huko mbele, kwani ndiko balaa lilikopitia.

Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haiko sawa, na sitaki kukuficha. Nimeamua kuandika kwa sababu nikianza kulisema hili kwenye simu unacheka, na ukicheka nasahau kuwa nilikuwa nimekasirika, halafu kadi ya simu inaisha. Kwenye karatasi itakubidi uningoje mpaka nimalize.

Huku baridi imeshika. Bado nakaa chini ya nyumba ya yule mama Mghana, dirisha langu liko sawasawa na ardhi, theluji ikianguka sana sioni nje mpaka aje mtu na koleo. Kazini nipo palepale, kwa Bwana Abbas, kwenye karakana yake ya fremu za picha. Yeye jioni anarudi kwake Thornhill kwa gari, mimi nasubiri basi. Sina la kumlaumu mzee yule. Amezaliwa Tanga kama sisi, na mchana kutwa ndiye mtu pekee ninayezungumza naye Kiswahili. Wanawe wakimpigia simu anawasemesha kwa Kiswahili, wao wanamjibu Kiingereza, naye anakata simu akinitazama mimi kana kwamba ndiye mwanawe aliyebaki.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha kitako. Unakumbuka nilikueleza habari za yule bibi mjane, wa ukoo wa Kiingereza, aliyekuwa anahama jumba lake kwenda kukaa ghorofani. Alituletea picha za ukutani za zamani sana, zilizochapwa huko Uingereza kisha zikapakwa rangi kwa mkono, ili tuzivue fremu zilizoliwa na wadudu tuzivishe mpya. Nyingine zilikuwa za mbio za farasi, nyingine za uwindaji. Nilikaa nazo muda mrefu mezani, nikazizoea kama majirani. Wawindaji wamevaa makoti mekundu na kofia nyeusi, farasi wanang'aa, mbwa wamefurika, na watu wote hao na wanyama wote hao wanamfukuza mbweha mmoja mdogo. Nilimuuliza Bwana Abbas, huyo mbweha wakishamkamata wanamlaje? Akasema hawamli. Nikamwambia basi hawa hawakuwa na njaa hata siku moja.

Moja katika picha hizo ilikuwa na madoa ya kahawia pembeni, yule bibi akasema hana haja nayo. Kwenye kazi hii mteja akikataa kitu, aliyekishughulikia ndiye huulizwa kwanza kama anakitaka. Nikasema nakitaka. Ilikuwa picha ya kabla ya uwindaji kuanza. Watu wamekusanyika mbele ya nyumba kubwa, wako juu ya farasi, mbwa wamewazunguka, na mke wa mwenye nyumba ametoka mlangoni na sinia, anampa mpanda farasi mmoja kikombe. Niliisafisha polepole madoa yakapungua. Nikaitafutia mbao nzuri, nikaikata na kuipaka mwenyewe, nikaitia kioo. Katika kazi zote nilizofanya huku, sijafanya iliyonipendeza kuliko ile. Nikakutumia kwa mkono wa wale majirani wa Bwana Abbas wa Thornhill waliokuwa wakija huko, nikakuambia itundike sebuleni, ukuta unaotazama mlango. Nilitaka mgeni akiingia aulize, nawe umjibu, hii katengeneza Baba Salma. Nilitaka kuwa na mahali pale ndani.

Ukanijibu imefika salama, nzuri sana, ahsante. Basi. Nikalala usingizi wa mtu aliyejenga.

Juzi nimepata bahasha yako, ndani yake picha ya Salma. Nyuma umeandika kwamba amekuwa wa tatu darasani. Nimefurahi, Mwenyezi Mungu amzidishie. Mtoto amerefuka, sare imekuwa fupi, amesimama ameshika karatasi yake ya matokeo anacheka, na nyuma yake ukutani ipo picha yangu. Nikasema alhamdulillahi. Kisha nikatazama ukuta. Sebule yetu niliipaka rangi ya maziwa kwa mkono wangu, na ukuta ule ni wa kijani. Pana kalenda ya chanjo za ng'ombe. Pana kofia imetundikwa kwenye msumari, kofia ya mwanamume, na si yangu.

Mama Salma, mimi ni fundi wa fremu. Mtu mwingine angeishia hapo. Kazini tuna kioo kidogo cha kukuzia, cha kutafutia madoa, nikakichukua nikaisogelea picha. Kile kioo nilichokitia kwenye fremu ni cha kawaida. Kipo kingine cha bei, kisichorudisha sura ya kilicho mbele yake. Ningetia hicho, leo ningekuwa nakuandikia habari za theluji tu. Cha kawaida kinarudisha. Juu kidogo ya kichwa cha Salma, katikati ya mbwa na farasi, nimewaona watu wawili. Mmoja mwanamume mrefu, kamera iko usoni. Wa pili yuko pembeni yake kwenye kiti, kanga imeshuka mabegani, kichwa wazi, anacheka mpaka ameinama. Huyo ni wewe.

Sikula mchana ule. Nilikata mbao ya mteja fupi kuliko ilivyotakiwa, jambo ambalo Bwana Abbas hajawahi kuliona kwangu.

Nilikupigia usiku wake, huko kwenu kumeshakucha. Nikauliza picha yangu iko wapi, ukasema, "Iko kwa Bwana Mhina," hivihivi, kama mtu aliyeulizwa chumvi iko wapi. Nikauliza Mhina gani, ukasema bwana mifugo, anayewatazama mbuzi wetu. Nikauliza imefikaje huko, ukaanza kucheka, kadi ikaisha.  Bwana mifugo huyo namfahamu. Ni yule Mbondei aliyefiwa na mkewe kabla sijaondoka, mpole, anayesalimia mbuzi kabla ya watu. Na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa hiyo nikampigia dada yangu Mwanaidi, maana yeye hanifichi kitu. Nikamweleza. Akasema, "Hebu kaka, ulipoituma ile picha, akili uliiacha wapi? Sebuleni mle anaswali nani?"

Nikasema anaswali mama mkwe.

"Haya. Na katika picha mna nini?"

Nikaanza kumtajia. Farasi, nikasema. Nyumba kubwa. Wanaume. 

"Endelea," akasema Mwanaidi. "Mbwa je? Mbwa kundi zima, wametoa ndimi, wanamtazama mama wa watu akirukuu. Na kikombe kile ni cha uji? Na yule mwanamke wa mlangoni kajifunika nini? Malaika gani ataingia nyumba ile?"

Wallahi sikuwahi kuliona. Nimekaa na picha ile mezani siku zote hizo, nimeyafuta madoa yake moja moja, na nilichokuwa nakiona ni mbao na rangi na kazi yangu. Nimemtumia mama mkwe mbwa, pombe na mwanamke kichwa wazi, vyote katika fremu moja, nikaagiza vitundikwe mbele ya msala wake. Mwanaidi akanieleza kwamba mama alihamia chumbani kuswali, wewe ukaivua picha ukaificha nyuma ya kabati, na siku bwana mifugo alipokuja kuwachanja mbuzi akaiona, akasikitika kitu kizuri kama kile kukaa gizani, ukampa aitundike kwake. Akaniambia pia kamera ni ya Mhina, kwamba mlikwenda ili Salma apigwe picha ya kuniletea mimi, na kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyegoma kusimama popote isipokuwa karibu na picha ya baba yake.

"Mama Salma angekuwa na la kuficha," akasema, "angekutumia picha kwa mkono wake mwenyewe? Kaka, pilipili usoila yakuwashiani?"

Nikamwambia pilipili ile niliipanda mimi. Akanitakia usiku mwema.

Bwana Abbas naye, nilipomweleza, hakuniacha. Aliniita mezani, akafungua picha ya mbio za farasi, moja ya zile za bibi, inayosubiri kuchukuliwa. Farasi wote wamenyoosha miguu, miwili mbele miwili nyuma, matumbo karibu na nyasi, kama ngozi iliyowambwa. Akasema, "Rashidi, umewahi kumwona mnyama akikimbia hivi?" Nikasema hapana, angeanguka. Akasema, "Enhe. Zamani hizo hapakuwa na kamera. Miguu inakwenda kasi, jicho haliwahi, mchoraji akachora anavyodhani. Wote wakadhani hivyo miaka na miaka. Nawe mwanangu unachora miguu ya farasi."

Maneno yake mazuri, na namheshimu. Lakini nikarudi kwenye meza yangu nikiwa na jibu ambalo sikumpa. Yule mchoraji hakuwa na kamera. Mimi ninayo picha ya kamera.

Nakubali kila alichosema Mwanaidi. Nakubali picha ilikuwa kosa langu, na mama nitamwomba radhi. Nakubali Mhina ni mtu mwema. Ubaya wake ungenipunguzia uchungu. Lakini nakuonea wivu, Mama Salma, na wivu wenyewe haunipi nafasi hata ya kuona haya. Wala si kwa ajili ya kanga, ingawa kanga nimeiona. Ni kile kicheko. Mimi nakisikia kwa simu, tena nusunusu, kinakatika. Mwenzangu anakiona, kwa sababu tu yuko karibu na ana mkoba wa dawa za mbuzi. Kuna jambo alilisema, dogo pengine, labda lilimhusu Salma au beberu, ukainama ukashika tumbo. Nimejaribu kukumbuka mimi nilikuchekesha hivyo lini, na nikikumbuka naona bado tulikuwa tumepanga chumba, Salma hajazaliwa. Natamani sana kujua alisema nini. Pia sitaki uniambie.

Unajua karatasi zangu za ukaazi zimetoka, na sasa ninayo ruhusa ya kuwaita wewe na mtoto. Nilipokuambia mara ya kwanza ukasema tungoje paa liishe. Paa likaisha, ukasema tungoje Salma amalize darasa la saba. Nikikubali hilo, naona na mguu wako umeanza kutajwa. Kila sababu ilikuwa ya haki na sikukubishia hata moja. Nilidhani unangoja. Tangu picha hii ifike najiuliza kama hujafika tayari unakotaka kuwa, na mimi ndiye ninayengoja peke yangu. Hapa juu, ghorofani kwa yule mama Mghana, pana vyumba viwili vitakuwa wazi mwanzo wa kiangazi, vina madirisha ya kweli, mtu anaona barabara na miti. Ameniambia nimpe jibu. Shule iko karibu. Nimemwomba asiwape wengine mpaka nisikie kutoka kwako.

Nisalimie mama mkwe kwa heshima zote, umwambie mkwewe anaomba msamaha kwa ajili ya wale mbwa na yote yaliyokuja pamoja nao, arudi kuswali sebuleni kwake. Msalimie dada Mwanaidi, mdomo wake nimeusikia na nimeufanyia kazi. Mbusu Salma, mwambie wa tatu ni vizuri, na baba ameiona picha yake yote, kila pembe. Shemeji yetu mwashi, aliyeezeka paa, mpe shukrani zangu tena. Na bwana mifugo naye msalimie. Picha sitaidai, imeshapata nyumba. Mwambie tu asiitundike mahali jua linapoingia, kwani rangi nyekundu ya yale makoti hufifia upesi, itakuwa hasara.

Wewe mwenyewe usinijibu kwa simu. Niandikie kama unakuja au huji. Ukiwa unakuja, niandikie kirefu upendavyo. Ukiwa huji, usiweke sababu, Mama Salma. Sababu nitazishika mkononi nizitazame, mpaka nione na zisizokuwemo.

Ni mimi mumeo,
Rashidi, Baba Salma