Chai ya Mama Karimi

Basi chai ikawekwa mbele yangu, Wawira, na mimi ndio nimetoka kumeza dawa ya thairoidi, ile tezi ya shingo, kama hiyo wewe umeanzishiwa. Miaka ile tulikuwa tumelala Ishiara kwa kina Karimi, kumwombea anko yako Njeru huyo Karimi amwoe. Huku nyumbani sasa tuko wazima, babu yako analalamikia goti tu.

Daktari alisema nimeze na maji, nikae saa nzima bila chai, kwani chai huzuia dawa isiingie mwilini. Lakini ugonjwa nilikuwa nimeuficha, wasiseme Njeru ana mama mgonjwa. Nikasema, "Wacha ipoe." Ikapoa. Mama Karimi akaleta ingine. Nikasema hiyo nayo ni moto sana.

"Mama Njeru, chai yangu iko na nini? Kama hamtaki msichana wetu, semeni twende shamba!"

Njeru akanikanyaga mguu. Ikabidi nitoe dawa kwa kibeti, nieleze yote. Mama Karimi akacheka mpaka kitambaa ikamtoka kichwani, akaenda chumbani, akarudi na chupa kama yangu.

"Mimi humeza na chai ya maziwa! Kila kliniki daktari ananiongezea, anashangaa dawa inaenda wapi!"

Nikamwambia arudi amwambie daktari ukweli, asianze tu kumeza hiyo yote aliyoongezewa na maji, itamzidi, moyo umkimbie.

Sasa wewe unauliza kama ujiongezee, juu bado unasinzia. Hapana, hiyo dawa ni ya polepole, na kuongeza ni kazi ya daktari akishapima damu. Lakini niambie ukweli, mjukuu wangu: asubuhi unameza na nini?

Ngoja, Karimi ananiita, mtoto wake amefungulia ng'ombe. Naenda.