Jina la Mama Asha

Palma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyoleta Kaka Salumu uitumie, usiifungie kabatini kama vikombe vya wageni. Mimi mzima, cherehani inanilisha. Tangu habari ya gesi ienee, watu wamejaa huku na kila mmoja anataka suruali yake ipunguzwe leo leo.

Kijijini nilikopanga, nje kidogo ya mji, nimepata rafiki, Asha, binti wa miaka kumi. Anaishi na babu yake mzaa baba. Siku nyingine wanashindia muhogo mmoja, na shule aliacha kwa kukosa daftari. Jioni namfundisha kuandika kwenye karatasi za kukatia nguo. Wiki iliyopita nilimwambia aandike majina ya wazazi wake. La baba akaandika, la mama akaacha wazi. Nikamfokea, nikamwita mvivu.

Juzi wakaja watu wa kampuni kuandika makaburi yatakayohamishwa, maana kijiji kizima kinapisha mitambo. Mama yake Asha alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, akazikwa kando ya nyumba. Karani akauliza jina.

"Mama Asha," mzee akajibu.

"Jina lake mwenyewe, avô," karani akasema, akimwita babu kwa Kireno. "Kaburi lisilo na jina haliingii kwenye lista. Tingatinga litapita juu yake."

Mzee akainamisha kichwa, nami ndipo nikaelewa. Watu hawa hawatamki jina la mkwe, hata akifa. Majirani walimwita kwa jina la mwanawe, kwao ni mbali, Quiterajo, na mumewe alikwenda Pemba, ile ya huku Msumbiji, kutafuta kazi, hajarudi. Mtoto hakulijua jina la mamake, na mimi nikamwita mvivu! Nilijichukia, Mama.

"Babu, sema tu," nikamsihi. "Mungu atakusamehe."

"Siwezi, mwanangu. Ni mkwe huyu."

Karani akafunga daftari, dereva akawasha gari. Mzee akamshika Asha begani.

"Kimbia kwa yule muuza vitumbua wa kisimani. Muulize yeye anaitwa nani. Jina lake na la mama yako ni moja."

Asha akatimua mbio. Nikasimama mbele ya gari, mikono kiunoni, nikamwambia dereva anikanyage mimi kwanza. Unamjua binti yako. Sikuondoka mpaka nikamwona mtoto anarudi, anahema. Akaomba kalamu ya karani, akaandika mwenyewe daftarini: Zainabu.

"Babu, nisome?"

Mzee akanyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba. Asha akalisoma kwa sauti yake yote. Kisha tukamsikia mzee kule aliko:

"Soma tena, mjukuu wangu."

Nisalimie Kaka Salumu, shangazi msuka mikeka, na mdogo wangu Rehema na mimba yake. Niombee dua.

Mwanao,
Mwanahawa