Tangi la Mawese na Shemeji Asiyeamini

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi pokea salamu tu, nina jambo zito nalo linanikosesha usingizi. Jina langu usilitoe, andika tu fundi pekee wa matangi wa Ifakara.

Shule niliishia darasa la nne kwa kuwa mwalimu hakuwa na zaidi la kunifundisha, kisha nikafika Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa kuchomelea vyuma, na niliporudi Mzee Theodori wa Mchombe, mwenye kinu cha kukamua mawese, akanipa kazi ya kumtengenezea tangi la kufunga juu ya lori, libebe mafuta na kuyatenga na maji humo humo, maji yazame na kutolewa kwa bomba la chini, mafuta yabaki juu, nami nikalichora kwa chaki sakafuni, likatoka zuri hata padre akaja kulitazama, ila ndani sikuweka mabati ya kuligawa tumbo, niliona yatazuia maji kufika kwenye bomba, na nikawatangazia watu kwamba mabati ni ya mafundi waoga.

Tulilijaribu kwa maji likiwa limejaa mpaka shingoni, likatulia kama bibi harusi, watu wakapiga makofi. Kesho yake nikaliendesha peke yangu likiwa nusu, karibu na daraja la magogo nikakanyaga breki, lori likasimama lakini maji hayakusimama, yalikwenda mbele, yakarudi, yakaenda ubavuni, magurudumu ya upande mmoja yakanyanyuka, nikasali kwa lugha zote nizijuazo. Sasa masika yakiisha na barabara ikikauka, Fridolin dereva atapakia Mchombe, atashusha nusu Ifakara, na nusu ataendelea nayo hadi Mkula, kwenye madaraja ya namna ile ile.

Fridolin ni kaka wa Tekla, mchumba wangu, na mimi na shemeji huyu hatujaambiana neno la kweli tangu tujuane, mimi nikimkuta namwambia nimekuja kupima kaburi lake, yeye husema dada yake ananikubali kwa huruma. Basi nilipokwenda kumwambia, “Shemeji, hilo tangi litakuua,” akanijibu, “Nikifa mimi, nani atakutetea kwa baba?” Akacheka mpaka akakaa chini. Nikarudia, akamwita Tekla aje asikie, Tekla naye akacheka, mwishowe nikacheka na mimi. Nifanyeje?

Fundi Pekee wa Matangi, Ifakara

JIBU

Fundi, nakuhurumia, maana kosa lako umeliona mapema, wengine huliona mazishini. Lakini kucheka pamoja nao kulikuwa upumbavu wa daraja la kwanza. Mimi nimefika mbali kuliko Mombasa, na huko kote mafuta yaliyojaa nusu husukuma lori vile vile, hayajali nani alipigiwa makofi.

Fridolin usimwambie tena. Neno lako kwake limekwisha thamani, mmelila wenyewe kwa utani. Nenda kwa baba yake Tekla, mkwe usiyethubutu kumtania. Vua kofia, kaa chini, mweleze uliyoyaona darajani, kisha nyamaza. Akimwita mwanawe, hapatakuwa na mtu wa kucheka.

Mzee Theodori naye mwambie mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Atakufokea, mstahi. Lipasue tangi, weka mabati mawili ya kuligawa, kila moja na matundu chini ili maji yapite polepole. Na acha kudanganya watu kwamba mafuta yatajitenga na maji njiani huku yakitikiswa. Yafikapo yaache yatulie usiku kucha, ndipo ufungue bomba. Kazi yote hiyo ufanye bure. Tekla akiuliza kwa nini, mweleze, ajue anaolewa na nani.

Lakini najua ulimi wako. Utafika kwa mkwe, utaona haya, utasimulia habari za Nairobi na kurudi nyumbani. Kwa hiyo kabla hujaondoka shika tindo na nyundo, ulitoboe tangi tundu la kupita ngumi, chini kabisa. Wewe ndiye uliyelitengeneza, wajua pa kugonga. Tangi lililotoboka halipakiwi mafuta, hata dereva wake acheke namna gani.