Mbili Si Mbili Nukta Sifuri

Mpwa wangu mpenzi,

Huku tu wazima. Paa la jikoni lilivuja, nami nimeliziba mwenyewe, na uzee wangu huu.

Nakushukuru kwa simu ile. Nilipokueleza kuwa uvimbe wa mkaza mjomba wako umekua kutoka sentimita mbili hadi mbili nukta tatu, ulinyamaza, nikadhani unalia. Kumbe unapiga hesabu!

"Mjomba, kipimo cha kwanza kimeandikwa mbili, au mbili nukta sifuri?"

"Mbili ni mbili, mwalimu wewe!"

"Siyo, Mjomba. Mbili tupu ina maana aliyepima aliishia kwenye sentimita nzima. Hata mbili nukta tatu huandikwa mbili. Waombe hospitalini waipime upya picha ya zamani."

Daktari hakukasirika. Aliifungua picha ya mwaka jana, akapima mbele yetu: mbili nukta tatu. Akasema uvimbe haukui. Mimi, kwa kuwa umenifunza, nasema haujakua kwa kiasi kinachopimika, na hilo linanitosha kulala usingizi.

Niliondoka kwetu hujaota meno. Sikukununulia hata rula, na leo wewe ndiye uliyenishika mkono.

Wiki ile ya hofu, mkaza mjomba wako aliwagawia majirani nguo zake, kimyakimya. Asubuhi hii amekwenda kuzidai. Ninapoandika, namsikia ng'ambo ya ukuta: "Na gauni hilo la kijani pia, shoga, vua! Mwenyewe bado nipo!"

Ni mimi,
mjomba wako wa mbali